Mwenye Barua na Asiye na Barua

Hoja iliyo mezani: vijana wawili waliooana juzijuzi wafuate kazi mji hadi mji, au wachague mahali pamoja wapande migomba? Kwingine hilo ni swali la kupigia soga. Ngara na Biharamulo ni swali la kodi ya nyumba. Muuguzi, mwalimu, afisa kilimo na kijana wa forodha wameletwa huku na barua za ajira kutoka mikoa ya mbali, na wengi wao wana mtu aliyewafuata na begi na godoro.

Sauti tano zinazosikika hapa nimezipanga mimi. Usizitafute mtaani kwa majina, ingawa maneno yao utayasikia kwenye kibaraza chochote. Wa kwanza ni muuguzi, mzaliwa wa Singida. Wa pili ni mumewe, fundi wa kuchomelea kutoka Kahama. Walianzia Nyakahura, wilayani Biharamulo. Sasa wamepanga Ngara mjini, na muuguzi ameshaanza kuitaja Kigoma. Wa tatu ni mama mwenye nyumba yao, Mhangaza, mjane mwenye shamba la kahawa. Wa nne ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, Msubi wa Biharamulo, aliyekuja kumjulia hali mwanawe. Wa tano ni dereva wa malori ya Dar es Salaam na Kigali, ambaye ana muda wa kubishana kwa sababu foleni ya Rusumo haijasogea tangu asubuhi.

MUUGUZI: Nianze mimi, maana barua ni yangu. Nilipopangiwa Biharamulo nilikuwa sijawahi kuvuka Kahama kuja huku. Basi lilitushusha Nyakanazi usiku. Pale ni njia panda: hii ya Kibondo, hii ya Biharamulo mjini na Rusumo, na hii uliyojia. Malori yamejipanga, watu wanachoma mishikaki, kila mtu anajua aendako isipokuwa sisi wawili. Tulicheka sana. Ingekuwa Singida kwa mama yangu, au Kahama kwa dada zake, tusingecheka, kwa sababu mmoja wetu angekuwa mwenyeji na mwenzake mgeni wa kuoneshwa choo kilipo. Nyakahura tulikuwa wageni wote. Mume wangu nimemjua mwenyewe. Hapakuwa na shangazi wa kunisimulia yeye ni mtu wa namna gani.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na mlipogombana mlikwenda kusuluhishwa na nani?

MUUGUZI: Tulinuniana, mama. Kisha maji yakakatika, ikabidi tusemezane nani anabeba ndoo.

FUNDI: Sikatai, safari tunazipenda. Zipo Jumapili tunapanda mchomoko, tunabanana watu wanne kiti cha nyuma, tunateremka hadi Rusumo kutazama maji. Mto Kagera unakuja mpana na mpole, ghafla miamba inaubana, unaanguka kwa kishindo. Kisha tunasimama kuangalia malori yakivuka daraja. Huku yanakwenda kushoto, yakifika ng'ambo yanahamia kulia. Hata saa inabadilika: ukivuka saa saba mchana, Rwanda unakuta ni saa sita. Mimi mtoto wa Kahama, ningeyaona wapi hayo? Kutoka pale Kigali ni karibu kuliko Bukoba, na Bukoba ndiyo makao makuu ya mkoa wetu.

DEREVA: Basi hoja imekwisha. Wote mnataka kuhama.

FUNDI: Subiri, kaka. Mashine ya kuchomelea inabebeka. Grainda inabebeka. Wateja hawabebeki. Fundi anaaminiwa kwa geti lililosimama miaka bila bawaba kulegea. Geti langu liko Nyakahura, mimi niko Ngara. Nani wa kuliona? Kuna wakulima wa tumbaku kule waliniambia watanilipa wakishauza. Wameuza, na mimi nimehama. Huku nimeanza upya na kuunga stendi za bodaboda. Nikienda dukani kukopa vyuma naambiwa lete mwenyeji akudhamini. Mwenyeji wangu nani? Mke wangu, naye mgeni vilevile. Mtaani hawaniiti fundi. Wananiita mume wa nesi.

DEREVA: Jina zuri hilo. Ukiumwa hupangi foleni.

FUNDI: Linachekesha siku ya kwanza tu.

Niingilie hapa kabla msomaji hajamcheka naye. Mji mzima umejaa wake wa walimu, wake wa maafisa forodha, wake wa wahandisi, na hatujawahi kuona lolote la ajabu katika majina hayo. Mke wa mwalimu huenda alikuwa na meza ya vitenge Shinyanga, na wateja waliomjua kwa miaka. Akafunga meza, akamfuata mumewe, akawa mke wa mwalimu. Hatukumwuliza chochote. Imebidi apatikane mwanamume mwenye grainda ndipo tuone kwamba kuna mtu aliyeacha kitu njiani. Ndiyo maana nimempa fundi nafasi ya kunung'unika kwa kirefu.

MAMA MWENYE NYUMBA: Kabla hujanung'unika zaidi, mwanangu, tuzungumzie luku. Uliwasha mashine yako hapo uani, uniti za wiki zikaisha kabla ya magharibi. Chumba nimewapangisha, karakana sijawapangisha.

FUNDI: Nilifidia, mama.

MAMA MWENYE NYUMBA: Ulifidia, na mimi nililala gizani. Tuyaache hayo. Mimi sipingi kutembea. Babu zetu Wahangaza walitembea kwa miguu hadi Buganda kulima mashamba ya watu, na wengine waliteremka hadi mkonge wa Tanga wakaitwa manamba. Wapate shilingi ya kodi ya kichwa, wapate baiskeli. Walirudi, na walirudi mahali, kwa sababu nyuma kulikuwa na mtu anayepalilia. Nyie mnahama wote wawili kama bakuli na kifuniko chake. Nani anapalilia? Mgomba unataka mwaka na zaidi ndipo uone mkungu. Mkahawa unataka miaka mitatu. Chumba chenu wameshapita wapangaji wengi, wote vijana, wote na televisheni kubwa, na hakuna aliyewahi kupanda hata mpapai.

MUUGUZI: Huyo aliyekuwa anapalilia ni nani, mama?

MAMA MWENYE NYUMBA: Bibi, nani mwingine.

MUUGUZI: Habari za babu akizipata wapi?

MAMA MWENYE NYUMBA: Kwa waliorudi. Wapo ambao hawakurudi. Wapo waliooa hukohuko.

MUUGUZI: Basi mimi wa kwangu nambeba.

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Jibu hilo lilikuwa sawa kwa sababu hoja ya kubaki, inavyosemwa na wazee, mara nyingi huwa na mwanamke mmoja ndani yake ambaye hakuulizwa. Lakini mgomba ni mgomba. Aliyehama mara mbili ndani ya miaka minne hajala cha shambani kwake, na dukani Ngara mjini ndizi hazigawiwi bure ati kwa vile ziko nyingi milimani.

DEREVA: Nyie wote mnazungumza kana kwamba miji imekaa tu inasubiri mtu ahamie au ahame. Miji ya njia hii inahama yenyewe! Mwaka 1994 nilikuwa utingo. Benaco palikuwa kambi ya wajenzi wa barabara. Jina lenyewe limetokana na kampuni ya Kitaliano. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Walikuja na walichoweza kubeba. Katika muda mfupi kukawa na mji wa turubai hadi macho yanapoishia, na masoko na vinyozi na foleni za maji. Ngara mjini kila chumba kilikodiwa na watu wa mashirika. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Warundi wa kambi ya Lukole wakabaki miaka mingine, nao wakaondoka. Redio Kwizera waliianzisha Wajesuiti mwaka 1995 kwa ajili ya wale wakimbizi. Wasikilizaji wake wa kwanza wametawanyika, redio ipo mpaka leo. Waliojenga vyumba vya kupangisha wakidhani neema ni ya kudumu walibaki na vyumba.

MAMA MWENYE NYUMBA: Hilo kweli. Kimoja ndicho hiki mnachokaa.

DEREVA: Nenda Biharamulo uone Tulawaka. Mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005. Ulipofika 2013 kampuni kubwa ikauza, STAMICO, shirika la madini la serikali, likachukua, na waliokuwa na ajira nono wakafungasha. Rusumo nako wamejenga mtambo wa umeme wa megawati 80, zinagawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Wakati wa ujenzi mama lishe walikuwa wanapika masufuria makubwa. Mtambo ukiwaka hauli ugali. Hata pori la Biharamulo mimi nalikumbuka wakati basi halipiti bila askari mwenye bunduki kukaa mbele. Leo sehemu ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu 2019. Na Wachato wenyewe? Walikuwa wilaya ya Biharamulo, wakawa wilaya yao, na mwaka 2012 wakajikuta mkoa wa Geita. Wamehama mkoa bila kubeba godoro.

MAMA MWENYE NYUMBA: Nikeli ya Kabanga hujaitaja. Inajulikana tangu miaka ya 1970. Watu walinunua viwanja kwa ajili ya nikeli, wakazaa, watoto wakaoa, na nikeli iko chini vilevile. Mwaka 2021 serikali na wawekezaji wakaunda kampuni ya Tembo, madalali wakaamka tena. Na kiwanda cha kuisafisha wanasema kitakuwa Kahama, kwenu huko, fundi.

FUNDI: Unaona! Nimeacha Kahama kuja kwenye nikeli, na nikeli inakwenda Kahama.

Hapo dereva alitaka tupige kura, hoja ipite. Karani, ambaye muda wote alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari, aliweka kijiko chini.

KARANI: Mmetaja miji yote, na barua hamkuisoma. Binti yangu, ulipotoka Biharamulo kuja Ngara, barua iliandikwaje?

MUUGUZI: Kwa manufaa ya umma, mzee.

KARANI: Barua ya namna hiyo ina haki zake. Nauli yako, nauli ya mwenza na watoto, gharama za mizigo, posho. Zinaweza kuchelewa hadi ukasahau uliziomba, lakini ni haki yako, unaidai. Hii ya Kigoma itakuwaje?

MUUGUZI: Nitaomba mwenyewe kwenye ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni. Nataka hospitali ya mkoa, nikae wodi ya watoto wachanga nijifunze. Nikipata wa kubadilishana naye kituo itakuwa rahisi zaidi.

KARANI: Basi hiyo ni ya maombi binafsi, na ya maombi binafsi unahama kwa gharama zako. Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wengi hulijua wakiwa wameshafunga mizigo. Tuseme mumeo naye angekuwa mtumishi, mwalimu labda, na ameomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Hayo nayo ni maombi yake binafsi. Aliyeitwa analipiwa lori. Anayefuata kwa upendo analipa nauli. Na huyu fundi, ambaye si mtumishi, kwenye karatasi zote hizo ni neno moja tu: mwenza.

FUNDI: Bora hata hilo. Mtaani nina maneno matatu.

KARANI: Mna kitu gani cha pamoja?

Wakatazamana. Kitu kipo: kiwanja Benaco, kimenunuliwa kwa mkopo wa benki ambao muuguzi anakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Karatasi ya mauziano, iliyogongwa muhuri ofisi ya mtendaji wa kijiji, ina jina la muuguzi peke yake. Fundi amechimba msingi kwa mikono yake, amesuka nondo, na geti ameshalitengeneza. Limeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba ya mama, limepakwa rangi ya kuzuia kutu, linasubiri ukuta wa kulishika.

MUUGUZI: Jina langu liliandikwa kwa sababu mkopo ni wangu. Hakuna ubaya uliokusudiwa.

KARANI: Sijasema kuna ubaya. Nimekaa mahakamani miaka mingi na sikumbuki wanandoa walionunua kiwanja kwa ubaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama, ndoa ikivunjika, iangalie mchango wa kila mmoja: fedha, mali au kazi. Kazi imeandikwa humo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ikasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali iliyochumwa. Tuliisoma nakala ile mahakamani kwetu ikachakaa.

MAMA MWENYE NYUMBA: Huyo mama alishinda. Huwa wanamtaja kwenye semina.

KARANI: Wanamtaja nusu. Kanuni ilishinda. Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona kuna fedha mumewe alimpa huko nyuma akazitumia vibaya. Kwa hiyo fundi usiseme sheria itanilinda ukalala. Sheria itakuuliza: nondo ulizisuka lini, nani alikuona?

FUNDI: Jirani wa Benaco alikuwepo.

KARANI: Na ukishakwenda Kigoma, huyo jirani utamfuata? Hilo ndilo linalowasahaulisha wanaotembea miji. Nyie mmefunga ndoa?

MUUGUZI: Bomani, Kahama. Cheti tunacho.

KARANI: Wenzenu wengi hawana. Wanategemea kifungu cha 160: mkikaa pamoja miaka miwili na watu wakawahesabu kuwa mke na mume, mahakama inaweza kudhania ndoa ipo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watu wakawahesabu. Watu gani? Majirani! Mwaka huu Nyakahura, mwakani Ngara, mwaka kesho kutwa Kibondo; kila mahali mmekaa muda wa kujulikana majina tu. Ikifika siku ya kuthibitisha, shahidi wako ni kondakta wa basi.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na huku mpakani mgeni asiye na mtu wa kumtambulisha ana kazi. Tangu ile Operesheni Kimbunga ya 2013 ya kuwaondoa wahamiaji haramu, ukienda kuomba chochote ofisini unaulizwa baba, babu, kijiji, mwenyekiti. Sisi wenyeji wenyewe, kwa vile lugha yetu na ya Warundi inasikilizana, tunaulizwa. Mume wa nesi ataulizwa zaidi.

DEREVA: Kwa hiyo mzee unasema wasihame.

KARANI: Nimesema wapi hivyo? Nimesema wasome barua.

Sasa niseme langu, maana mjadala usio na mwamuzi huishia kwenye bili ya chai. Dereva ameniridhisha kwamba kubaki si usalama. Kwenye barabara hii aliyejenga Benaco mwaka 1995 na aliyehama Benaco mwaka 1995 wote walibahatisha, na wa pili angalau hakudaiwa mabati. Mama ameniridhisha kwamba kuna vitu haviji kwa mtu wa kupita: mkahawa, mdhamini wa dukani, jirani wa kusimama mahakamani. Lakini wote wawili walikuwa wanabishana kuhusu miji, na fundi hakulalamikia mji. Alilalamikia kwamba kila safari mwenzake alifika na kazi, na yeye alifika na vifaa.

Nawaunga mkono wahame. Muuguzi anayetaka kujifunza kuhudumia kichanga wa kilo moja na nusu asizuiwe na mpapai. Ila sikubaliani na mazoea ya kwamba mwenye barua ndiye anayechagua mji, anayechagua mwezi na anayeandikwa kwenye karatasi, huku mwenzake akichagua tu atakaa dirishani au njiani kwenye basi. Kama mji umechaguliwa na barua, tarehe ichaguliwe na asiye na barua. Fundi ana madeni ya kukusanya na kazi za kumaliza. Muuguzi atakuta wodi Kigoma hata akifika miezi minne baadaye. Na hilo jina kwenye karatasi ya kiwanja lirekebishwe kwa mtendaji wiki hii, wakati wote wawili wanapendana na mtendaji yuko ofisini.

MUUGUZI: Mwandishi umenigeuza mimi kuwa dhalimu.

Sikumgeuza. Nilimwambia hivyo, naye akanijibu jambo ambalo nililitarajia litoke kwa karani: kwamba mkopo utamkata miaka mitano, wawe pamoja wasiwe pamoja, na kama jina la fundi linaingia kwenye kiwanja basi na jasho lake liingie kwenye mkopo, kwa tarakimu, kila mwezi. Fundi akakubali papo hapo. Karani akasema waandike. Dereva akasema hayo sasa ni mapenzi au ni ushirika wa kahawa? Hakuna aliyemjibu, kwa sababu simu yake ililia: foleni ya Rusumo imeanza kusogea.

FUNDI: Nina madirisha ya darasa sijayamaliza, nusu nimeshalipwa. Siondoki kabla ya kuyafunga. Na Nyakahura nitapita kwanza nikaone wale wa tumbaku.

MUUGUZI: Basi maombi ya uhamisho nayapeleka madirisha yakishafungwa.

FUNDI: Na geti?

MUUGUZI: Geti litabaki hapa kwa mama mpaka tupate ukuta.

MAMA MWENYE NYUMBA: Litabaki kwa kodi. Na mkishapanga tarehe mniambie mapema, wanangu, kuna mwalimu ameshaulizia hicho chumba. Anakuja na mkewe. Sijui mke anafanya kazi gani, hakuniambia.